Mlaji ni Nani, na Mtumiaji ni Nani?

Anayesoma taarifa ya uchumi kwa Kiswahili hukutana na "fahirisi ya bei za walaji". Akifungua sheria ya biashara, mtu yule yule ameitwa "mtumiaji wa bidhaa na huduma". Akisimama mbele ya muuzaji anakuwa "mnunuzi". Na akiipigia simu kampuni inayomletea umeme, anapokewa kama "mteja". Maneno yote manne hutumika kufasiri neno moja la Kiingereza, consumer, na kwa hiyo wengi huyachukua kuwa visawe ambavyo mwandishi huchagua kwa ladha yake. Mimi nadhani huko ni kuyapunja. Kila moja linamtaja mtu huyo kwa kumweka mkabala na mtu mwingine, na njia fupi ya kujua lina maana gani mahali fulani ni kuuliza: aliye upande wa pili ni nani?

Kabla ya kuliuliza swali hilo sokoni au mahakamani, inafaa kuyatazama maumbo ya maneno yenyewe, kwa sababu Kiswahili kimehifadhi humo tofauti ambayo Kiingereza kimeipoteza. "Mlaji" ni mtu wa kula, na kula kwa Kiswahili ni jambo pana kuliko kinywa: gari linakula mafuta, simu inakula chaji, kazi inakula muda, mfanyabiashara anakula hasara, na aliyekabidhiwa mali ya umma akaigeuza kuwa yake, naye tunasema "amekula". Katika matumizi yote hayo kuna kitu kinachopungua au kwisha. Hata methali "mla ni mla leo, mla jana kala nini?" inasimama juu ya ukweli huo, kwamba kilicholiwa hakipo tena. Kilatini, ambako Kiingereza kililichukua neno lake, kilikuwa na wazo lile lile: kitenzi consumere kilimaanisha kuchukua kitu chote mpaka kiishe, na ndiyo sababu Waingereza wa zamani waliutaja ugonjwa wa kifua kikuu kwa jina linalotokana na kitenzi hicho, maana waliuona ukiutafuna mwili wa mgonjwa mpaka umalizike. Waliochagua "mlaji" walikuwa waaminifu kwa asili ya neno.

"Mtumiaji" ana ukoo mwingine kabisa. Mzizi wake ni ule wa kutuma, uliozaa pia mtume, mtumwa na mtumishi, na kukitumia kitu ni kukipa kazi, ni kukifanya kikutumikie. Kiti kinatumika miaka ishirini, na daraja hupitwa na maelfu bila kuliwa na yeyote. Wimbo ndio mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu watu milioni wanaweza kuusikiliza leo na kesho ukabaki mzima kama ulivyokuwa, jambo lisilowezekana kwa kuni au mafuta ya taa. Wanauchumi hutenganisha bidhaa ambazo mtu mmoja akizitumia humpunguzia mwingine na zile zisizopungua kwa kutumiwa, na hulazimika kueleza tofauti hiyo kwa aya nzima kwa sababu lugha zao zina neno moja kwa hali zote mbili. Mswahili angeweza kusema tu kwamba za kwanza huliwa na za pili hutumiwa, lau tungekuwa tumeyatunza maneno hayo kila moja mahali pake.

Hatukuyatunza, na yapo madhara. La kwanza ni la fahirisi ya bei za walaji, ambayo wasomaji wengi, kwa kuongozwa na sikio, hudhani inapima bei za vyakula. Fahirisi hiyo hupima mabadiliko ya bei za vitu vyote ambavyo kaya hununua kwa maisha yake: kodi ya nyumba, nauli, matibabu, ada za shule, mavazi, mawasiliano, na chakula kikiwa ni kundi moja miongoni mwa mengine. Kila kundi hupewa uzito kulingana na sehemu ya matumizi ya kaya inayokwenda huko, kwa hiyo bei ya nafaka inaweza kushuka na fahirisi ikapanda, ikiwa nauli na kodi zimepanda vya kutosha. Hakuna kosa la hesabu hapo. Kinachomshangaza msomaji ni neno "walaji", lililomfanya atazame chungu peke yake.

Upande wa pili wa mlaji katika uchumi ni mzalishaji. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, aliandika kwamba ulaji ndio lengo pekee la uzalishaji wote, na kwamba masilahi ya mzalishaji yaangaliwe kwa kadiri tu yanavyohitajika kumfaa mlaji. Mlaji katika fikra hii ni mahali ambapo safari ya bidhaa inakwishia. Kitambaa kikinunuliwa na mshonaji ili ashone nguo za kuuza, hakijaliwa bado. Ni bidhaa ya kati, na thamani yake itahesabiwa ndani ya bei ya nguo. Kitambaa kile kile, cha duka lile lile na kwa bei ile ile, kikinunuliwa na mtu anayetaka kukitandika kitandani kwake, kimefika mwisho wa safari na kinaingia katika hesabu ya ulaji wa kaya. Kitu hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kusudi la aliyekichukua.

Nyumba huleta utata zaidi. Katika hesabu za taifa, anayejinunulia nyumba ya kuishi hahesabiwi kuwa amekula chochote siku ya kuinunua, bali amewekeza, kwa kuwa nyumba hudumu vizazi. Hata hivyo anaishi humo, na kuishi humo ni kupata huduma ambayo mwenzake aliyepanga huilipia kila mwezi. Ili wawili hawa wasitofautiane kwenye vitabu kwa sababu ya hati tu, watakwimu humkadiria mwenye nyumba kodi ambayo angeilipa kama angekuwa mpangaji, na kiasi hicho, kisichopita mkononi mwa mtu yeyote, huandikwa kuwa ni ulaji wake. Mtu amejipangisha nyumba yake mwenyewe bila habari. Gari na jokofu, ambavyo navyo hudumu miaka, havikupewa heshima hiyo: huhesabiwa vimeliwa siku vilivyonunuliwa, ingawa huitwa bidhaa za kudumu. Mpaka huu uliwekwa kwa makubaliano ya watakwimu, na sidhani kama kuna anayedai umetokana na asili ya vitu vyenyewe.

Mtoza kodi naye ana mlaji wake, anayetambulika kwa namna rahisi kuliko wote. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1954, hutozwa katika kila hatua ya biashara, lakini kila mfanyabiashara hukata katika kodi anayopaswa kuipeleka serikalini ile aliyokwisha kuilipa alipokuwa akinunua. Tuseme kiwango ni asilimia 10. Muuza nyuzi anauza kwa 100, anamtoza mfumaji 10 na kuipeleka. Mfumaji anauza kitambaa kwa 250, anatoza 25, anakata ile 10 aliyoilipa na kupeleka 15. Mshonaji anauza nguo kwa 400, anatoza 40, anakata 25 na kupeleka 15. Serikali imepokea 40 kutoka kwa watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeitoa mfukoni mwake, kwa sababu yote imetoka kwa yule wa nne aliyeivaa nguo. Kwa macho ya kodi hii, mlaji ni yule asiye na wa kumrushia mzigo.

Tukiingia katika sheria, mambo yanakuwa mazito, na ni hapa ambapo swali la aliye upande wa pili linalipa zaidi. Aliyeko huko si mzalishaji kwa maana ya uchumi. Ni mfanyabiashara, yaani mtu anayefanya kama kazi jambo ambalo mwenzake hulifanya mara moja moja. Sheria za kumlinda mtumiaji zimejengwa juu ya dhana kwamba wawili hao hawakutani sawa: mmoja ameandika mkataba na anaijua bidhaa, mwingine ameletewa karatasi atie saini. Kwa sababu hiyo sheria za Umoja wa Ulaya humtambulisha mtumiaji kuwa ni mtu binafsi anayetenda kwa makusudi yaliyo nje ya biashara, ufundi au taaluma yake. Kampuni, hata iwe ndogo namna gani, haimo katika tafsiri hiyo. Na elimu ya mtu haimtoi: mwaka 2015 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri lililotoka Romania, kwamba mwanasheria wa mambo ya biashara aliyechukua mkopo usiohusiana na kazi yake ni mtumiaji kama mwingine yeyote, ijapokuwa angeweza kuusoma mkataba ule kwa jicho kali kuliko aliyeuandika. Kinachopimwa ni nafasi aliyosimama, hata kama akili yake inazidi ya aliye mbele yake.

Ugumu unakuja pale mtu anaposimama katika nafasi mbili kwa wakati mmoja. Mkulima mmoja wa Austria alinunua vigae vya kuezekea jengo ambalo sehemu yake ilikuwa makazi ya familia na sehemu nyingine ilikuwa ya mifugo na zana za shamba. Makazi yalichukua zaidi kidogo ya asilimia 60 ya jengo, na mtu wa kawaida angetarajia kwamba waliozidi wameshinda. Mahakama ile ile ya Ulaya iliamua mwaka 2005 kwamba, kwa ajili ya kanuni za kuchagua mahakama ya nchi gani isikilize kesi, anayenunua kwa makusudi mchanganyiko si mtumiaji isipokuwa upande wa biashara uwe mdogo kiasi cha kutohesabika. Miaka michache baadaye, maelezo ya utangulizi wa agizo la Ulaya la mwaka 2011 kuhusu haki za watumiaji yalichukua msimamo mpole zaidi, kwamba anayenunua kwa makusudi mchanganyiko naye ahesabiwe mtumiaji ikiwa biashara haikutawala katika makubaliano. Neno ni moja, bara ni moja, vipimo ni viwili, kwa kuwa kanuni moja inatafuta mahakama na nyingine inagawa ulinzi.

Nchi nyingine zimechora mpaka kwingine. Sheria ya India ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1986, inamtoa anayenunua kwa ajili ya kuuza tena au kwa kusudi la kibiashara, lakini inamrudisha aliyenunua kitu akakitumia mwenyewe kujitafutia riziki kwa kazi yake binafsi. Kwa hiyo mshonaji aliyenunua cherehani moja ya kuendeshea maisha hubaki ndani ya ulinzi. Australia hutazama kiasi cha pesa na aina ya bidhaa: tangu Julai 2021, anayenunua kitu kisichozidi dola 100,000 za nchi hiyo anaweza kuhesabiwa mtumiaji hata akiwa ni kampuni, ilimradi hakukinunua ili akiuze tena. Mtu anayeuliza "sheria inasema mtumiaji ni nani?" bila kutaja sheria ipi atapata jibu lisilomfaa.

Sheria pia ndiyo iliyomtenga mtumiaji na mnunuzi, na kisa kilichofanya hivyo kinajulikana na kila mwanafunzi wa sheria za Kiingereza. Mwezi wa Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke aliyeitwa May Donoghue alinywa kinywaji cha tangawizi alichonunuliwa na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya kioo kisichoonyesha ndani, na alidai kwamba baada ya kunywa, konokono aliyeoza alitoka humo wakati sehemu iliyobaki ilipokuwa ikimiminwa. Aliugua. Mkataba wa mauziano ulikuwa kati ya mwenye duka na rafiki, na huyo rafiki hakudhurika. Donoghue, aliyedhurika, hakuwa amenunua kitu, na kwa mawazo ya wakati ule hakuwa na mkataba wa kumshikia mtu. Tarehe 26 Mei 1932 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba mtengenezaji anayepeleka bidhaa sokoni akikusudia imfikie mlaji wa mwisho jinsi ilivyotoka kwake, bila nafasi ya kukaguliwa njiani, ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mlaji huyo. (Kama konokono alikuwamo kweli au hakuwamo, suala hilo halikuwahi kusikilizwa kwa ushahidi.) Mnunuzi ana muuzaji upande wake wa pili, na kinachowaunganisha ni malipo, mlaji wa mwisho ana mtengenezaji, na kinachowaunganisha ni chupa. Mtoto mchanga hanunui chochote, lakini ni mlaji kwa maana kamili ya uamuzi ule.

Baada ya hapo neno lilitoka mahakamani likaingia katika siasa. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alilipelekea bunge ujumbe ulioanza kwa kusema kwamba watumiaji, kwa tafsiri ya neno lenyewe, ni sisi sote, na akataja haki zao nne: usalama, taarifa, uchaguzi, na kusikilizwa. Siku hiyo huadhimishwa duniani tangu 1983, na Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kumlinda mtumiaji mwaka 1985, ikarekebishwa mwaka 1999 na 2015. Usemi wa Kennedy ni wa kuvutia, lakini una mtego. Ikiwa mtumiaji ni kila mtu, basi neno halimtengi yeyote na hakuna aliyebaki wa kusimama upande wa pili. Sheria hufanya kazi kwa kuwa watu huwa watumiaji katika jambo fulani tu: mshonaji ni mfanyabiashara kwa aliyemletea kitambaa asubuhi na ni mtumiaji kwa daktari wa meno jioni.

Wanasayansi wa mazingira wana mlaji wao, na kwao neno halina utata. Mimea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na huitwa wazalishaji. Wanaoila mimea ni walaji wa daraja la kwanza, wanaowala hao ni wa daraja la pili, na kwa wastani karibu sehemu moja tu ya kumi ya nishati hupita kutoka daraja moja hadi lingine. Hapa hakuna aliyewahi kumwita simba "mtumiaji wa swala". Sikio la Mswahili linakataa, na linakataa kwa haki.

"Mteja" naye anastahili kutazamwa peke yake. Katika Kiswahili cha zamani mteja alikuwa pia mtu aliye chini ya uangalizi wa mganga, na mpaka leo neno linabeba uhusiano unaoendelea, tofauti na ununuzi unaoisha pesa zikishabadilishana mikono. Aliye upande wa pili ni mtoa huduma anayemfahamu au anayetarajia arudi. Ndiyo maana kampuni za simu husema "mteja unayempigia hapatikani" hata kwa mtu ambaye hajanunua kitu wiki nzima. Hospitali na vyuo navyo vimeanza kuwaita wagonjwa na wanafunzi "wateja", na kwa maoni yangu vimekosea. Mteja hupewa anachotaka, wakati mgonjwa hana budi kuambiwa asichotaka kusikia, na mwanafunzi anayestahili kushindwa mtihani hawezi kuulinda ufaulu wake kwa kuonyesha risiti ya ada.

Mkanganyiko mkubwa wa siku hizi umo katika mtandao, kwa kuwa "mtumiaji" limepewa kazi ya pili ya kumtaja mtu yeyote mwenye akaunti, jina la kuingilia na neno la siri. Mtumiaji wa namna hii mara nyingi halipi chochote. Wanaolipa ni watangazaji, na hao ndio wateja wa kampuni; yeye analeta macho yake na taarifa zake, na hivyo ndivyo vinavyouzwa. Je, asiyelipa ni mtumiaji kwa maana ya sheria? Umoja wa Ulaya ulijibu katika agizo lake la mwaka 2019 kuhusu huduma na maudhui ya kidijitali, lililoanza kutumika Januari 2022: ikiwa mtu anatoa taarifa zake binafsi badala ya bei, analindwa, isipokuwa pale taarifa hizo zinapohitajika tu ili huduma yenyewe ifanye kazi au sheria itimizwe. Kwa hiyo mtumiaji wa programu amekuwa pia mtumiaji wa kisheria, lakini maana hizo mbili bado hazilingani. Mhasibu anayetumia programu ya kazini ni wa kwanza bila kuwa wa pili.

Na kuna mtu mmoja anayelishinda swali langu. Mwandishi wa Marekani Alvin Toffler, mwaka 1980, alimbunia jina kwa kuunganisha mzalishaji na mlaji katika neno moja, na wakati ule alionekana kama wa kufikirika. Leo ni yeyote mwenye paneli za jua juu ya paa zilizounganishwa na gridi. Usiku anavuta umeme kutoka kwenye nyaya, mchana anausukuma urudi, na mita yake husoma pande zote mbili. Kiswahili hakijakubaliana jina lake. "Mlaji-mzalishaji" linaeleweka, ingawa ni zito mdomoni. Ukimuuliza aliye upande wake wa pili ni nani, saa sita usiku atakuonyesha kampuni ya umeme inayomuuzia, na saa sita mchana atakuonyesha kampuni hiyo hiyo, safari hii ikiwa ndiyo inayonunua kwake, na katika ankara ya mwisho wa mwezi jina lake litakuwa limeandikwa kwenye safu zote mbili.